Kurasa Sitini na Mbili

Mshale ulitembea wenyewe kwenye skrini. Ulipanda, ukashuka, ukazunguka kidogo kama mtu anayetafuta mlango, kisha ukasimama juu ya neno "Printa". Wanawake wawili walioketi mbele ya kompyuta walikuwa wameweka mikono mezani, na hakuna aliyekuwa akigusa kitu.

"Una hakika hilo si jini?" Mama Pacha aliuliza.

"Ni shemeji yangu," akasema Bi Sidii. "Yuko makao makuu. Anatuwekea printa kutoka huko huko."

"Afadhali jini. Jini ukimsomea anaondoka. Shemeji haondoki."

Wakacheka wote wawili, Bi Sidii akacheka zaidi, kwa sababu ni kweli alikuwa na shemeji, na ni kweli alikuwa anampenda.

Kampuni yao iliuza vipuri vya pampu za maji na mashine za kusaga. Ilikuwa na matawi kumi na mawili, na hili lilikuwa la mwisho kwa umbali. Mama Pacha alikuwa mtunza stoo hapo kwa miaka kumi na mmoja. Bi Sidii alikuwa fundi wa kompyuta wa kampuni nzima. Jina hilo alilipata zamani, alipokuwa akizunguka na mfuko wa sidii begani, anaingiza programu ya mauzo kwenye kompyuta ya tawi moja, kisha ya jingine, na akifika la kumi na mbili la kwanza limeshaharibika, anaanza upya. Sidii zenyewe zilikuwa zimekufa miaka mingi. Jina ndilo lililobaki, na watu wa matawini walilitamka kama mtu anavyotaja jina la shangazi yake.

Safari hii alikuja mikono mitupu. Hakuna cha kuingiza. Programu yote ilikuwa imehamishiwa kwenye seva za makao makuu, na matawi kumi na moja yalishaanza kuitumia kutoka huko.

"Nieleze tena," Mama Pacha alisema. "Polepole, mimi kichwa changu ni cha vyuma."

"Programu haimo humu. Iko kule. Ukibonyeza hapa, kazi inafanyika kule, halafu wewe unaletewa picha yake tu. Ni kama kuchungulia dirishani."

Mama Pacha alifikiri, akijikuna shingo kwa ncha ya kalamu. "Kwa hiyo napika kwenye jiko la mtu, mimi niko nje, mkono nimepitisha dirishani."

"Hivyo hivyo."

"Na mwenyewe akifunga dirisha?"

"Kwa nini afunge? Wewe ndiye mpishi."

Akaingia mteja, mwanamume mrefu aliyefunga kitu kwenye gazeti. Alikifungua juu ya kaunta: beringi iliyoliwa hata namba zake zimefutika. Mama Pacha hakuchukua rula. Aliishika, akaizungusha kwenye kidole gumba, akainusa.

"Pampu yako imefungwa karibu na maji ya chumvi," alisema.

"Umejuaje?"

"Imeniambia. Na fundi wako anaipaka grisi ya magari. Mwambie aache." Akaandika namba kwenye skrini mpya, akibonyeza herufi moja moja. Picha ilichelewa kidogo, ikaja. Boksi la arobaini na moja, rafu ya nyuma. Kufumba na kufumbua printa ikatoa risiti nyeupe, safi, na Bi Sidii akapiga kofi moja dogo.

Maarifa ya namna hiyo ndiyo aliyokuwa ameyafuata katika miezi miwili iliyopita. Shemeji alimtuma kila tawi akae na watunza stoo, awaulize kila wanachokijua, akiandike. Programu mpya lazima iwafae, alisema, isije ikawa kiatu cha mtu mwingine. Na kwa Mama Pacha, Bi Sidii alikaa wiki mbili. Mchana waliandika stoo, jioni waliandika mezani kwa Mama Pacha, watoto mapacha wakifanya kazi za shule upande wa pili. Mkanda upi unafaa badala ya upi ukikosekana. Mashine ipi ina nati za kipimo cha ajabu. Mzee kiziwi anayeonyesha kipimo kwa vidole, na daima vidole vyake hupungua kimoja. Zilitoka kurasa sitini na mbili. Hakuna tawi lililotoa hata nusu ya hizo.

"Na haya yote ya nini?" Mama Pacha aliwahi kuuliza, mara moja tu.

"Ya kukurahisishia kazi. Hakuna atakayepoteza kazi, nimeuliza mwenyewe."

Mama Pacha hakuuliza tena. Neno la Bi Sidii lilimtosha.

Yule mrefu alikumbuka kwamba anahitaji mkanda pia, wakaingia stoo na Mama Pacha kuupima. Bi Sidii akabaki peke yake mbele ya skrini. Mshale ukaanza kutembea tena. Shemeji alikuwa bado yumo, anatafuta faili ya printa ya pili, na alikuwa na haraka, kwa maana alifungua folda kama mtu anayefungua droo za chumbani kwake, akisahau kwamba dirisha lile lilikuwa na watu upande huu.

Akabonyeza faili. Haikuwa ya printa.

Ilikaa wazi labda nusu dakika. Bi Sidii aliisoma mara mbili. Juu iliandikwa: "Watunza stoo, kufungiwa mfumo Ijumaa saa kumi na moja jioni." Chini yake majina kumi na mawili, na mbele ya kila jina neno moja: afungiwe. Kisha mistari michache. Kazi za matawi yote zitafanywa na watu wanne makao makuu. Mteja atapiga picha ya kipuri na kuituma kwa namba atakayopewa. Tawini atabaki mpakiaji mmoja wa kutoa boksi kwa namba atakayoelekezwa. Mwongozo wa maarifa ya watunza stoo: umekamilika. Mwandaaji: na hapo lilikuwepo jina lake yeye, lile la cheti cha kuzaliwa, ambalo hakuna tawi lililowahi kumwita kwalo.

Faili ikafungwa. Mshale ukaenda kwenye printa ya pili kama kwamba hakuna kilichotokea.

Bi Sidii alitoka kwa mlango wa nyuma, akasimama penye makasha matupu, akampigia shemeji simu.

"Shemeji," sauti ilimpokea kwa uchangamfu. "Printa ya pili imekubali?"

"Imekubali. Ila kabla yake ulifungua faili nyingine."

Alisikia kiti kikisogezwa, mlango ukifungwa.

"Umeona nini?"

"Nimesoma yote."

"Jina lako halimo, shemeji. Hilo nililihakikisha mwenyewe. Wewe utawasimamia wale wanne. Kiti chako kipo, hakuna atakayekigusa."

"Jina langu limo. Limo palipoandikwa nani ametengeneza mwongozo."

"Hiyo ni sifa."

"Uliniambia yale maelezo ni ya kuwarahisishia kazi. Ukaniambia hakuna atakayepoteza kazi. Nikawaambia hivyo, tawi kwa tawi, kwa mdomo wangu huu."

"Ningekwambia ukweli, ungeyaandika?"

Bi Sidii alisukuma kasha tupu kwa mguu.

"Sasa unaona," akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayemfariji mgonjwa.

Huyu ndiye aliyekuja kwake miaka tisa nyuma, amemwoa mdogo wake juzi, hana kazi, amekondeana kwa aibu ya kulishwa ukweni. Bi Sidii alimfundisha kubana ncha za waya wa mtandao kwenye meza yake ya kulia chakula, rangi nane kwa mpangilio, akikosea wanakata, wanaanza tena. Alimpeleka kwa mkurugenzi, akasema, huyu namdhamini mimi. Na siku alipopandishwa cheo akampita, vigelegele vya kwanza vilitoka kinywani mwa Bi Sidii, na vilikuwa vya kweli.

"Mdogo wangu anajua?" aliuliza.

Alisikia kile kiti kikisogezwa tena.

"Alisema tusikutie wasiwasi mpaka mambo yakae sawa."

Kila asubuhi mdogo wake alimpigia simu. Umelalaje, dada? Umefikia tawi la ngapi? Wanakuelewa huko? Bi Sidii alikuwa akidhani ni mapenzi. Pengine yalikuwa mapenzi. Sasa hakujua ayaweke wapi.

"Nisikilize," shemeji akasema. "Leo ni Jumatano. Ukimwambia mtu yeyote kabla ya Ijumaa, mimi sitaweza kukutetea. Nakuomba kama ndugu."

"Kama ndugu," Bi Sidii akarudia, akakata simu.

Aliporudi ndani, mteja alikuwa ameshaondoka. Mama Pacha alikuwa anaitundika mikanda aliyokuwa ameishusha, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwenye msumari wake.

"Hilo dirisha lako nimeanza kulipenda," alisema bila kugeuka. "Zamani hapa ningekuwa bado nasubiri."

"Mama Pacha, keti kidogo."

"Nimeketi tangu asubuhi."

"Keti."

Mama Pacha aligeuka, akamtazama, akaketi juu ya kasha. Bi Sidii alimwambia yote bila kuzunguka. Hakuacha kitu, hata kile kiti alichowekewa. Mwenzake alisikiliza huku akijifuta grisi vidoleni kwa kitambaa, kidole kwa kidole, na alipofika cha mwisho akarudia cha kwanza.

"Ulijua lini?"

"Sasa hivi. Dakika kumi hazijapita."

"Na ni shemeji huyo huyo uliyekuwa unanisifia?"

"Huyo huyo."

Mama Pacha alitikisa kichwa. Hakulia, wala hakupandisha sauti. "Mpaka habari za yule mzee kiziwi nilikupa," alisema. "Hata bosi wa hapa hazijui."

"Nisamehe."

"Nakuamini kwamba hukujua. Nataka kukuamini." Akakikunja kitambaa mara mbili, akakiweka gotini. "Unajua kinachoniuma? Si kazi. Kazi nimewahi kuwa nayo, nimewahi kukosa, na watoto wakala. Nilikuwa nakutazama unaandika, mkono umekuuma, unauchua, unaendelea. Nikasema moyoni, angalau yuko mtu mmoja katika kampuni hii anayetaka kujua ninachokijua. Miaka kumi na mmoja hakuna aliyeniuliza. Nikakupa na vya ziada."

Bi Sidii alitoa simu yake mfukoni.

"Nitawaambia na wengine," alisema hatimaye. "Wote kumi na mmoja. Leo hii."

"Utakosa hicho kiti."

"Nitakikosa."

"Hayo ni yako." Mama Pacha alisimama, akajipangusa magoti. Sauti yake ikawa ya adabu, ile anayoitumia kwa wateja wageni. "Ila leo usije nyumbani kulala. Tuna wageni."

Hapakuwa na wageni. Asubuhi ileile walikuwa wamekunywa chai wawili tu, mapacha wameshakwenda shule, na Mama Pacha alikuwa amemwambia aache mkoba wake chumbani, ataukuta jioni.

"Sawa," Bi Sidii akasema. "Nitapitia mkoba."

"Nitautuma uletwe."

Alipata chumba kwenye nyumba ya wageni nyuma ya kituo cha mafuta, na mkoba wake ukaletwa hapo. Kilikuwa na kitanda, kiti kimoja na meza iliyoungua mduara mahali palipowahi kuwekwa sufuria ya moto. Saa kumi ilikuwa haijatimia, na matawi hufungwa saa kumi na moja. Akafungua daftari la namba, akaanza na tawi la kwanza.

Mtunza stoo wa kwanza hakuelewa, ikabidi arudie. Wa pili alielewa haraka mno, akasema, "Asante kwa kunizika ningali hai," akakata. Wa tatu alitaka kujua kama kuna barua, maana bila barua hayo ni maneno ya mitaani. Wa nne alimwita mnafiki, tena kwa utaratibu, akitaja siku na saa aliyomuahidi. Bi Sidii alisikiliza mpaka mwisho. Alipomaliza na wa tano, kompyuta yake ndogo iliyokuwa wazi kitandani ilififia, ikaandika kwamba hana ruhusa ya kuingia. Simu ikaleta ujumbe wa shemeji, neno moja: "Umeanza." Hakuujibu. Ukaja na wa mdogo wake, mrefu, akauacha bila kuufungua.

Wa sita alilia. Wa saba alikuwa anaumwa, akapokea mumewe, akasema atamfikishia polepole. Wa nane alimuuliza, "Na wewe, dada, umebaki wapi?" na hilo ndilo lililomtoa machozi, akajifuta kwa kiganja, akaweka alama kwenye daftari.

Wa tisa simu yake iliita kwa muda mrefu. Ilipopokelewa, kelele za duka zilijaa sikioni: vyuma vikigongana, mtu akiuliza bei, redio.

"Bi Sidii," sauti ya mwanamume ilisema kwa furaha. "Nilikuwa nakuwaza wewe sasa hivi. Hebu subiri, nitoke nje nikusikie vizuri." Alisikia hatua, kisha kelele zikapungua. "Hili dirisha lako limetutoa mbali. Leo watu wamepanga foleni, na saa tisa foleni imekwisha. Unajua tangu lini foleni haijawahi kwisha hapa? Mke wangu ananiuliza mbona siku hizi nawahi nyumbani, anadhani nimefukuzwa."

Akacheka. Alikuwa na kicheko kinachoanzia mbali, kinakuja kwa mikupuo.

Bi Sidii alifungua kinywa. Jua la saa kumi na nusu lilikuwa limefika kwenye ule mduara wa mezani. Akaushika ukingo wa meza, akamwacha acheke kidogo kwanza.