Wapwa wa Doña Nevenka

Yasna Olivares alipata habari za uhamisho akiwa ameinama ndani ya chumba cha baridi cha samaki, vidole vimekufa ganzi, na bosi wake amesimama mlangoni kwa kuogopa kulowesha viatu. Kampuni ilikuwa inafunga tawi la Antofagasta, kaskazini mwa Chile. Fundi wa mitambo ya baridi aliyetaka kubaki na kazi alitakiwa awe Puerto Montt, kule kusini kabisa, mwanzo wa mwezi. Asiyetaka, basi. Bosi alisema hayo kwa sauti ya mtu anayetangaza kuwa chakula kiko tayari, kisha akaenda zake.

Yasna alikuwa na miaka thelathini na minne. Mtoto hakuwa naye, na mume aliyewahi kuwa naye alishaondoka siku nyingi. Alichokuwa nacho ni kazi aliyoipenda, na fleti ndogo ya ghorofa ya pili ambayo aliipaka rangi mwenyewe, akabadilisha mabomba ya jikoni, akaziba ufa wa bafuni uliowashinda wapangaji wote waliomtangulia. Mkataba wa pango ulikuwa bado una miezi saba. Kuuvunja kulimaanisha kupoteza amana aliyoweka alipoingia, na mwenye nyumba akiamua, angeweza kumdai mdhamini kodi yote iliyobaki. Mdhamini alikuwa kaka yake, Leandro, dereva wa lori la mgodini, mwenye watoto watatu.

Mwenye nyumba, mjane aliyeitwa Doña Nevenka, yaani Bi Nevenka, aliishi ghorofa ya chini. Alimpokea Yasna kwa chai na mkate wa parachichi kama siku zote, akamsikiliza, akasikitika kweli. Alisema hawezi kumbana mtu aliyehamishwa kikazi. Amletee tu mtu wa kuingia badala yake, mtu wa heshima mwenye kazi yake, na amana ataipata siku hiyohiyo. Yasna alipanda ngazi akijisikia kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Mtu alimpata haraka. Mirlande Estimé alikuwa golikipa wa timu ya wanawake ambayo Yasna aliichezea kila Jumapili. Alitoka Haiti, alishakaa Chile miaka minane, na alikuwa muuguzi msaidizi, zamu za usiku, katika wodi ya wazee. Yeye na binti yake waliishi chumba kimoja huko juu mlimani, na jiko walilitumia kwa foleni na familia nyingine. Alipoiona fleti aligusa bomba la jikoni, akalifungua, akalifunga, akauliza kama maji hutoka hivyo kila siku. Yasna akamwambia kila siku.

Waliteremka kwa Doña Nevenka. Mama yule alifungua mlango akatazama nyuma ya Mirlande, kama anayesubiri mtu mwingine atokee. Halafu akamuuliza Yasna, "Anafanya kazi gani?"

Mirlande alijibu mwenyewe. Alijibu pia alipoulizwa wangekuja wangapi: yeye na binti yake. Na ndugu? Ndugu zake wako kwao, mama. Na mapishi yao, yana harufu kali? Mirlande akasema anapika wali na maharage kama watu wote. Siku hiyo hawakukaribishwa chai.

Kesho yake Doña Nevenka alimsimamisha Yasna kwenye ngazi. Alisema kuna mpwa wake wa Calama anayeitaka fleti, kwa hiyo yule rafiki asisubiri. Ila Yasna aendelee kutafuta mtu, maana vijana hubadili nia. Maneno hayo hayakukaa sawa, na Yasna alilijua hilo palepale, lakini alikuwa amechoka, nguo zake zimo kwenye maboksi, na akaamua kuyaamini.

Alimweleza Mirlande baada ya mazoezi, wakivua viatu pembeni ya uwanja. Mirlande hakuonyesha kushangaa. Alivua glovu zake taratibu.

"Wapwa wa mji huu ni wengi sana, dada," alisema. "Kila nyumba ninayokwenda kuulizia, mpwa ameshafika kabla yangu."

Yasna alitaka kumwambia kuwa huyu ni mpwa wa kweli. Akaendelea kufungua kamba za viatu. Siku tatu baadaye alirudi kutoka kazini akakuta kibao cha "Inapangishwa" dirishani mwa fleti yake mwenyewe, kimewekwa yeye akiwa hayupo. Akateremka ngazi papo hapo. Hata mkoba hakuuweka chini.

Doña Nevenka alijaribu kuanza na hali ya hewa. Yasna akamuuliza mpwa yuko wapi.

"Mwanangu, mimi sina neno nao," mama yule akasema. "Majirani ndio watakaolalamika."

"Jirani yupi?"

"Wote."

"Mimi ni jirani yako. Sijalalamika."

"Wewe unaondoka. Niletee mtu wa hapa, yaishe. Hata mgeni sikatai, ila... unanielewa."

"Sikuelewi. Sema."

"Usinilazimishe kusema maneno mabaya ndani ya nyumba yangu."

Ukutani, juu ya meza ya chai, kulikuwa na picha ya babu yake Doña Nevenka, aliyekuja na meli kutoka Dalmatia, pwani ya Kroatia, akiwa kijana hana kitu, hajui hata neno la kuombea maji. Yasna alishasimuliwa habari za huyo babu mara nyingi, na kila mara msimulizi alifuta machozi.

"Babu yako aliposhuka bandarini, walimwambia kuna mpwa?"

Uso wa mama yule ukabadilika. "Babu yangu alikuja kufanya kazi."

"Na Mirlande amekuja kucheza? Usiku anawageuza vitandani wazee wa mji huu, anawafuta, anawabadilisha. Huko mikono yake haiwasumbui. Inawasumbua ikishika funguo."

"Toka," Doña Nevenka alisema kwa sauti ndogo. "Amana uisahau. Na kaka yako atapata habari zangu."

Leandro alizipata jioni ileile. Alikuja moja kwa moja kutoka zamu, vumbi la mgodi bado limo kwenye nyusi. Alikuwa na suluhisho tayari: mwenzake kazini, kijana wa Talca, mzaliwa wa Chile, mpole, hana familia, anatafuta fleti. Doña Nevenka angempokea kwa mikono miwili. Yasna amlete, mambo yaishe, apande ndege.

Yasna alikataa. Alisema akimleta huyo kijana atakuwa amemchagulia yule mama rangi ya mpangaji kwa mkono wake.

"Sawa," Leandro akasema. "Basi utakuwa mtu mwema kwa mfuko wangu."

Hilo lilikuwa kweli, na Yasna alilijua. Hasira yake ilihitaji pa kwenda, ikamwendea kaka yake: alimwita mwoga, na mengine ambayo ndugu hawapaswi kuambiana. Leandro akaondoka bila kufunga mlango.

Mirlande naye hakumshukuru. Alisema kwamba mama yule hatamkumbuka Yasna, atamkumbuka Mhaiti aliyeleta fujo, na atawasimulia wenye nyumba wenzake. "Mimi nilitaka fleti, dada. Vita sikuvitaka." Yasna aliumia, akakasirika hata kwa hilo, na hakujua amkasirikie nani.

Asubuhi ya kuondoka alisimama jikoni na spana mkononi. Mabomba yalikuwa yake, alinunua na kufunga mwenyewe. Alishalegeza nati ya kwanza. Akafikiria mtu atakayekuja kuosha vyombo hapo, ambaye hakumkosea lolote, akaikaza tena akilia kwa hasira. Funguo alizisukumiza chini ya mlango wa Doña Nevenka.

Puerto Montt ilimpokea kwa mvua isiyokatika. Madai yalimfikia Leandro kabla msimu haujageuka: Doña Nevenka alitaka kodi ya miezi yote saba. Leandro hakumpigia dada yake. Alikwenda mwenyewe, kofia mkononi, kuomba wapatane. Alikaribishwa chai. Mama yule alimwambia anamwonea huruma, kwamba yeye ni mtu mstaarabu, si kama dada yake aliyetaka kumjazia nyumba weusi. Wakati huo juu ya vichwa vyao mtu alikuwa akiburuta viti. Fleti ilikuwa na mpangaji.

Ndipo Leandro akampigia Yasna simu. Hakuomba radhi, naye hakuombwa. Alisema tu, "Tunakwenda kwa hakimu. Mtafute golikipa wako."

Yasna alidhani Mirlande atakataa. Mirlande akauliza ni siku gani, akasema ataomba ruhusa kazini.

Yasna aliifuatilia kesi kwenye simu, amekaa chumba cha kubadilishia nguo kazini, buti zikichuruzika maji. Kwenye kioo kidogo cha simu alimwona Mirlande anaingia na sare ya hospitali, moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Wakili wa Doña Nevenka alimuuliza kama hajazoea kuona ubaguzi kila anaponyimwa nyumba.

"Naomba niulizwe kuhusu nyumba hii tu," Mirlande alimwambia hakimu. "Tukianza na zile nyingine, mheshimiwa, hatutakula mchana."

Hakimu hakucheka. Aliuliza fleti ilipata mpangaji lini, na Doña Nevenka akalazimika kusema: wiki mbili tu baada ya Yasna kuondoka. Madai yakatupwa. Amana haikurudi, kwa kuwa Yasna ndiye aliyevunja mkataba. Kuhusu mlango aliofungiwa Mirlande, hakimu alisema hilo si shauri lililo mbele yake, na kama anataka, afungue lake.

Koridoni, Leandro alimsimulia Yasna baadaye, Doña Nevenka alimshika Mirlande mkono akilia, akasema yeye si mtu mbaya. Mirlande aliutoa mkono wake, akamwambia amechoka, anataka kulala. Na shauri lake akalifungua wiki iliyofuata, kwa jina lake mwenyewe, bila kumuuliza Yasna wala mtu mwingine.