Mlango wa Shangazi

Kila masika mlango wa shangazi, kule chini ya mlima, ulikwama. Seremala aliupiga randa huku akimtania: "Shangazi, mlango wako unanenepa kukushinda!"

Kumbe mlango ulisingiziwa bure. Maji ya mvua yalijaa kwenye ufa wa mlima, yakausukuma mwamba taratibu, nao ukaipinda nyumba, fremu na yote. Siku mwamba ulipoachia, shangazi alifukiwa ndani. Kilichopatikana ni mlango tu.

Seremala aliupachika nyumbani kwake mjini, kwenye tambarare. Kwa randa zote zile, ulipwaya.

Asubuhi moja ya mvua, mlango uligoma kufunguka. Kwa mazoea, akashika randa. Ghafla akaona fremu imepinda, akaitupa randa.

"Mke wangu! Pitisha watoto dirishani!"