Ekseli ya Baba Mkwe

Fundi alikuwa amechomelea matrela miaka tisa, na hakuna mteja aliyewahi kumchosha kama baba mkwe wake. Mteja mwingine akikuchosha unamwambia aende zake. Baba mkwe utamwambia nini? Unamletea kiti.

Mzee alikuwa amestaafu ukarani wa mizani, ile ya barabarani inayopima malori. Miaka thelathini na moja, jamani! Kiinua mgongo chake, chote bila kubakiza, alikuwa amekinunulia mashine ya kusaga nafaka, na sasa alitaka trela la kuizungusha mtaa kwa mtaa, awasagie watu mlangoni kwao. Mashine ikidondoka, uzee wake umedondoka nayo. Fundi alilijua hilo, na lilimkosesha raha.

"Mashine na injini yake ni kilo mia tisa na themanini," mzee alisema, amekunja nne katikati ya karakana. "Nifungie ekseli ya kubeba kilo elfu moja. Hapo tumebakiza na chenji."

"Na trela lenyewe, baba? Fremu, sakafu, mbao za pembeni? Ekseli itabeba vyote."

"Mwanangu, unataka kunifundisha uzito mimi?"

Fundi akatupia jicho mlangoni. Mtu abishane na mkwewe mchana kweupe, jirani wa cherehani ameshasimamisha mashine ili asikie vizuri? Aka. Akasema, "Sawa, baba," kisha akafanya alichojua yeye. Alifunga ekseli ya kilo elfu moja na mia nane, tofauti ya bei akaifidia mwenyewe, na pale kwenye namba ya uwezo iliyogongwa kwenye chuma akapaka rangi nyekundu mara mbili, mpaka namba ikamezwa kabisa.

Trela likabeba. Likapita kwenye mashimo, likapanda kilima cha sokoni, springi hazikulia hata kidogo. Na mzee naye akapata la kusema. Kila alikosimama kusaga alisimulia jinsi mkwewe alivyotaka kumtia hofu na hesabu zake za kukuza mambo. "Ekseli ya elfu moja, hiyo hapo!" alisema, akiipiga teke kwa mapenzi. Wanawake wenye ndoo za mahindi waliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Fundi alizipata habari hizo kwa jirani wa cherehani, tena na nyongeza. Zilimuuma, ukweli usemwe, lakini aliendelea kuchomelea. Mashine ilikuwa salama, basi.

Wiki ya tatu mzee akaja na karatasi.

"Dada yangu naye amenunua mashine kama yangu. Nimempeleka kwa fundi wa mtaa wa pili. Wewe una mkono mzuri, mwanangu, ila unazidisha chumvi. Hebu ona nilivyomwandikia, nawe ujifunze."

Mwandiko ulikuwa wa karani, umenyooka. Mzigo, 980. Ekseli, 1,000. Chini yake sahihi, na mstari wa rula.

Fundi alimfahamu yule fundi wa mtaa wa pili. Angefunga kilichoandikwa, kwa sababu yule hakuwa na baba mkwe wa kumhurumia. Akachukua msasa, akaingia chini ya trela, akasugua rangi.

"Njoo usome, baba."

Mzee alivaa miwani, akapiga magoti taratibu. Akasoma. Akasoma tena, kwa kidole.

"Trela lenyewe lina kilo ngapi?"

"Mia tatu na ishirini."

"Ina maana sikuzitoa?"

"Ulizitoa, baba. Ndiyo shida yenyewe. Kule mizani ulikuwa unatoa uzito wa gari ubaki na mzigo. Huku tunajumlisha."

Mzee alikaa palepale sakafuni. Miaka thelathini na moja ya kutoa ilimpita usoni, na fundi akamwonea huruma kuliko alivyowahi kumkasirikia. Kwa mara ya kwanza hakumletea kiti, alikaa chini naye.

Baadaye mzee akatoa simu. "Dada, mwache huyo wa mtaa wa pili. Njoo kwa mkwe wangu." Akasikiliza kidogo, akakohoa. "Aa, huyu hesabu zake hazina wasiwasi. Nimezikagua mwenyewe."