Nafasi ya Mgeni

Chini ya karavani ya Bogumiła palikuwa pameota jino la barafu. Lilianza dogo kama la mtoto, likarefuka kama kidole, na asubuhi hiyo lilikuwa limeshuka hadi kugusa theluji, huku tone jipya likiliteremkia taratibu kutoka sakafuni. Bogumiła alilitazama kidogo, akaligonga kwa ufagio likakatika, kisha akapafukia mahali pale kwa ncha ya kiatu, kama paka anayeficha aibu yake.

Na aibu ilikuwapo. Binti yake Dobrochna alikuwa ametamka mbele ya mashahidi, yaani mumewe na mbwa, kwamba mama ataruhusiwa kubaki kando ya ziwa hadi mkesha wa Krismasi kwa sharti moja: mtambo wa joto uwe mzima. Ukiharibika, karavani itakokotwa kwa mnunuzi, na mama atahamia mjini Olsztyn, kwenye chumba cha ghorofani chenye dirisha linalotazama dirisha la jirani. Jumapili angekuja kukagua mwenyewe. Na sasa kila Bogumiła alipojaza tangi, maji yalidondoka nje hadi yakaisha kabla hajaosha sahani zake.

Alichotaka kilikuwa kidogo mno: mkesha mmoja pale, wa kwanza bila marehemu mumewe Zenon. Zenon alizikwa Olsztyn, kila mtu alijua, lakini Bogumiła hakuwahi kumkuta kule makaburini. Alikwenda, akawasha mishumaa, akangoja, akarudi mikono mitupu. Hapa ziwani ndipo alipomkuta, katika kila msumari aliopigilia vibaya na kila mlango alioahidi kuurekebisha. Alimtamani hata kwa ubishi wake.

“We Bogusia! Nyumba inang'oka meno, au ni wewe unayeyang'oa?”

Alikuwa Gienia, aliyezoea kumfupishia jina, daktari wa meno mstaafu, jirani pekee aliyebaki kambini baada ya wengine kukimbia baridi. Alisimama nyuma yake na kofia ya manyoya, akielekeza fimbo kwenye vipande vya barafu.

“Ni theluji tu, inayeyuka,” alisema Bogumiła.

“Iyeyuke na baridi hii? Pua yangu imekufa ganzi bila sindano! Mficha maradhi, mwenzangu, kifo humuumbua. Haya, fungua kinywa.” Akimaanisha mlango.

Ndani kulikuwa na joto zuri. Mtambo ulinguruma kwa utulivu kabatini. Ulikuwa mmoja wenye kazi mbili: kupuliza hewa ya moto kwenye mabomba ya chumba, na kuhifadhi maji ya moto tumboni mwake.

“Basi hita haiumwi,” alisema Gienia, akitega sikio.

“Tumbo lake limepasuka,” Bogumiła akasema, na sauti ikamponyoka. “Najua limepasuka, Gienia. Dobrochna akijua, wananichukua.”

“Tulia. Mimi sing'oi jino kabla sijajua linalouma ni lipi. Maji yanaweza kutoka kwenye paa, kwenye jasho la madirisha, au kwenye tangi.” Macho yake yakazunguka jikoni yakatua kwenye mtungi wa bitiruti, uliokuwa ukichachuka kwa ajili ya supu ya mkesha. Akachota kikombe kizima.

“Gienia! Hiyo ni ya Krismasi!”

“Na hii ni eksirei.” Akakimimina kwenye tangi lililokuwa limejazwa asubuhi ile ile, akafungua bomba la maji moto mpaka likatema wekundu.

Wakatoka, wakachuchumaa kwa kuugulia magoti. Haikuchukua muda, tone jekundu likaangukia theluji, likafuatwa na jingine.

“Tumbo,” Bogumiła alinong'ona.

“Subiri. Ufa hulowesha kila mahali, hauna adabu. Hili linatoka kwenye mrija mmoja, na huu mrija kuna mtu aliutobolea sakafu kwa makusudi. Haya ni mate, si damu. Mrija unatokea wapi huko juu?”

Ulitokea chini ya benchi lenye sanduku la kuwekea vitu. Waliporudi ndani, Bogumiła alitangulia akakaa juu ya benchi hilo, akashika kingo zake kwa mikono miwili.

“Inuka,” alisema Gienia.

“Humo hamna kitu.”

“Kama hamna kitu, umekalia nini?”

Sanduku lile Zenon aliliita nafasi ya mgeni. Kama vile mezani, mkesha wa Krismasi, huwekwa sahani moja ya mgeni ambaye huenda akabisha hodi, ndivyo Zenon alivyoliacha sanduku lile tupu mwaka mzima, kifuniko chake kimeinuliwa kwa kizibo cha chupa. Karavani ilikuwa finyu hata walilala na masufuria miguuni, na bado hakukubali iwekwe humo hata soksi. Akiulizwa, hujibu: “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Kisha hucheka. Bogumiła aliamini kuwa ni ulaini wa moyo wake, akampenda kwa hilo. Baada ya maziko, aliposhindwa kulitazama koti lake mlangoni, hakuona mahali pengine patupu. Alilisokomeza humo pamoja na sweta na kofia, akatupa kizibo ndani ya droo, akafunga kifuniko kabisa.

Aliinuka. Akafungua, akatoa sweta, kofia, kisha koti, na harufu ya tumbaku na samaki wa kukaushwa kwa moshi ikajaa karavani nzima. Alilikumbatia na kugeukia ukutani.

Gienia alimwacha kidogo. Akavaa miwani, akainamia sanduku.

“Bogusia, njoo uone. Hili tundu ni mdomo wa bomba la hewa ya moto. Mkono wa koti ulikuwa umeuziba. Na hii hapa kando ni vali. Ikipatwa na baridi kali hujifungua, ikamwaga maji yote, mtambo usije ukapasuliwa na barafu. Ikishafunguka haijifungi. Hungoja kidole cha mtu, na hata hicho haikikubali mpaka ipate joto.” Akainua uso. “Mtambo wako mzima kabisa. Ulikuwa unajiokoa.”

Bogumiła alikaa sakafuni, koti mapajani. “Kwa hiyo mgeni ni hewa ya moto.”

“Ndiye huyo.”

“Miaka yote hiyo! Kwa nini hakusema tu kwamba kuna vali?”

“Ungemsikiliza?”

Bogumiła alipandwa na kicheko, kikageuka kilio njiani. “Vali ningeijazia masufuria juu yake,” alisema. “Mgeni nisingethubutu.”

“Basi alikujua vizuri,” alisema Gienia, akijifunga skafu. “Ngoja pashike joto, kisha bonyeza. Tangi ulisuuze, la sivyo utaoga supu hadi Pasaka.”

Bogumiła alingoja kando ya sanduku lililo wazi. Nje jua lilishuka nyuma ya misonobari. Vali ilipoacha kuwa baridi kama jiwe la mtoni, aliibonyeza kwa kidole gumba. Ikalia, tik, ikashika. Alisuuza tangi, akalijaza upya, akatega sikio kwa muda mrefu. Hakukudondoka kitu, na kimya kile kikamuuma kuliko alivyotarajia.

Simu ikalia. “Mama, joto liko sawa?” aliuliza Dobrochna.

“Liko sawa. Jumapili mtaona wenyewe. Na mkesha mje huku.”

“Tutaenea wapi, mama? Hakuna nafasi.”

“Nafasi ipo.”

Alikata simu, akalitundika koti kwenye msumari wa mlangoni, mahali pake pa siku zote, na safari hii hakugeuza macho. Akatafuta kizibo kwenye droo. Alikichomeka chini ya kifuniko, na kupitia ule mwanya hewa ya moto ikatoka, ikamgusa kiganjani.

“Mgeni njoo,” alisema, akamwachia Zenon amalizie.