Firigisi ya Andati

Jogoo aliletwa na Luseno mwenyewe, mkesha wa Krismasi ya mwaka wa tisini na sita, akiwa hai, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Luseno alimtupa karibu na jiko, akapangusa mikono kwenye suruali, kisha akaketi kwenye kiti cha marehemu kaka yake bila kukaribishwa.

"Huyu amewika njia nzima kutoka soko la Gikomba," alisema. "Watu wakadhani nimebeba mhubiri."

Annah, mjane wa kaka yake, alicheka kidogo.

Luseno akamgeukia Lorine, binti wa Annah aliyekuwa likizoni kutoka chuo cha ualimu. "Na mwalimu hasalimii? Au huko chuoni mnafundishwa kunyamaza?"

"Shikamoo, Baba Luseno," Lorine alijibu, macho sakafuni.

"Marahaba." Akamgeukia Annah. "Mulamwa, shemeji yangu, kesho baada ya ibada nitakuja kula, na nitakuja na Mzee Job wa kanisa atuombee. Usisahau ile yangu."

Hakuna aliyeuliza ile ipi. Kwa Waluhya wa kwao, firigisi ya kuku huliwa na mwenye nyumba. Kila Krismasi hapa Maringo, Nairobi, ilikaa juu ya sahani ya Andati, babake Lorine, naye aliikata katikati na kumpitishia bintiye nusu chini ya meza, huku mama akijifanya haoni. Andati alizikwa kwao Vihiga mwezi wa Aprili. Tangu hapo nduguye alikuja kila Jumapili, akakaa zaidi kila alipokuja. Akiila firigisi ile mezani, mbele ya mzee wa kanisa, itakuwa amemrithi Annah, na hapatahitajika maneno mengine.

Asubuhi Annah alivaa kitambaa chake cheupe cha kichwani akaenda kanisani. Lorine alibaki apike. Alikuwa amemsikia mama akiomba kwa kunong'ona usiku uliopita, na alidhani anajua anachoomba: aepushwe na Luseno. Alimnyonyoa jogoo kwa maji moto, akambabua juu ya makaa, akamkata. Firigisi aliipasua, akamenya ule utando wa manjano, akaiosha mpaka ikang'aa. Kisha akatoka nyuma ya nyumba, akairusha juu ya ukuta. Kunguru waliigombania kabla haijatua vizuri.

Aliwaza kwamba pasipo firigisi hapatakuwa na wa kuila. Akarudi kusukuma chapati.

Mzee Job aliomba kwa muda mrefu. Alimshukuru Mungu asiyeacha nyumba bila kivuli, na Luseno akaitikia amina kwa sauti. Sufuria ikafunuliwa. Luseno alikoroga kwa upawa, taratibu. Akakoroga tena mpaka chini.

"Iko wapi?"

Aligonga upawa ukingoni mwa sufuria.

"Annah, iko wapi?" Hakumwita mulamwa. "Jogoo alikuwa mzima. Nimemleta kwa mikono yangu. Ni mwanamume gani amepita hapa kabla yangu?"

Hapo ndipo Lorine alipoelewa alichokifanya. Firigisi haipotei. Isipoonekana chunguni mwa mjane, kuna mwanamume aliyekwisha kuila. Alifungua mdomo aseme, Mzee Job akamtazama, akaufunga.

Annah aliitazama sufuria, kisha akamtazama binti yake, ambaye macho yake yalikuwa yamekimbilia mlango wa nyuma.

"Nimeila mimi," alisema.

"Wewe?"

"Nilikuwa na njaa."

"Annah, binti yangu," Mzee Job alisema, "usifanye mzaha siku ya Bwana."

"Si mzaha, mzee."

Luseno aliinuka. Hakupiga kelele. "Basi mwenye nyumba amejulikana. Na mwenye nyumba hujitafutia pa kulala. Aprili, siku ya ukumbusho, msije nyumbani Vihiga. Kaburi la kaka yangu nitalijengea mwenyewe, na pale kando yake, ulipotengewa wewe, nitapanda miti."

Mzee Job alitafuta kofia yake, akamfuata bila kuonja hata mchuzi.

Lorine alianza kulia. "Nilitaka kukuokoa, Mama."

"Najua."

"Nitamfuata. Nitamwambia ni mimi niliyewatupia kunguru."

"Umwambie umewapa kunguru? Nani ataamini? Keti." Annah alizikunja chapati zilizokuwa zikipoa, moja moja, akazifunika. "Nilikuwa nimeamua kumpa."

"Umpe? Ulikuwa ukiomba!"

"Nilikuwa naomba nguvu za kumpa. Yule ningemvumilia, Lorine. Hata kama ni miaka kumi. Halafu ningelazwa pale kando ya baba yako."

Nje watoto wa jirani walipita na nguo mpya, wakipiga kelele. Annah aliwasikiliza mpaka wakapinda kona.

"Sasa ni makaburi ya Langata," alisema. "Na watu nisiowajua. Hata sijawahi kufika huko. Gari linapandiwa wapi?"