Mama Nabintu na Kompyuta Mbili

Alhamisi asubuhi diski ilifika Mbarara kwa taxi ya Rwakabuba, ikiwa imeviringishwa kwenye kipande cha kitenge, kando ya kuku wa mtu. Goretti aliichomeka kwenye kompyuta ya mezani katika duka lake la picha, kisha akampigia simu mdogo wake Elisée, aliyekuwa na studio ndogo Rubondo, kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale.

"Nimefungua. Usiguse kitu."

"Siguse, yaya," Elisée alimjibu dada yake.

Ndivyo walivyofanya kazi. Picha zenyewe, zile nzito, zilikaa Mbarara kwenye kompyuta ya mezani. Diski ilibeba maktaba, yaani kumbukumbu ya kila walichorekebisha, pamoja na nakala nyepesi ambazo laptopu ya Elisée, inayokula umeme wa jua, iliweza kuzifungua bila kuzimia. Maktaba ilifunguliwa upande mmoja tu kwa wakati, kama choo cha nyumba ya kupanga: mmoja akiwa ndani, mwenzake anangoja.

Waliwahi kukosea mara moja. Elisée alijibakizia maktaba ya pili kwenye laptopu ili asikae bure, na wote wawili wakamrekebisha Pasta Vénant siku ileile, huyu akimng'arisha, yule akimpunguza mwanga. Jumapili Pasta akahubiri shavu moja likiwa mchana na la pili magharibi. Hakukasirika. Alikuja tu kuwaomba wapatane kabla ya Pasaka, kwa kuwa alikuwa na wageni. Mambo yaliyofanywa ndani ya maktaba ile yalikuwa na tabia ya kuwafikia wenyewe, na watu walishazoea.

Kazi ya Alhamisi hiyo ilikuwa ya Mariette, muuza maharage wa Juru, humohumo kambini, ambaye angeolewa Jumamosi. Alikuwa ameleta picha ya marehemu mama yake, Mama Nabintu, iliyopigwa kwao Kivu Kusini kabla vita havijafika kijijini. Alitaka mama apachikwe kwenye picha ya ukoo. Hilo ni jambo la kawaida. Nakivale kila ukoo una pengo kwenye picha. Ila Mariette aliongeza neno: hatatoka kwenda kwa mume bila baraka ya mama yake.

"Mama yako si alikufa?" Elisée alimuuliza.

"Alikufa, ndiyo. Mumuweke muzuri tu."

Goretti akamweka vizuri. Alipogeuka kuchukua chai yake, alimkuta Mama Nabintu nyuma ya kaunta, ameketi juu ya stuli. Picha ilikuwa ya nusu mwili, kwa hiyo mwanamke aliishia kiunoni, na kitenge chake cha njano kilining'inia bila kitu chini.

"Jambo, mwanangu. Chai iko?"

"Iko, mama. Ngoja kwanza nikutafutie miguu."

Miguu haikukosekana kwenye maktaba. Goretti alichagua ya Marthe, mwimbaji wa kwaya ya Rubondo, kwa sababu ilikuwa imepigwa kwenye mwanga uleule. Marthe hakupungukiwa na kitu, maana ilikuwa nakala. Mama Nabintu akasimama, akaijaribu, akagundua kwamba haijui kutembea ila kwa kucheza. Ilimfurahisha sana.

"Yangu ilikuwa ya kulima tu," alisema.

Ijumaa Goretti alifunga maktaba, na stuli ikabaki tupu. Akampelekea Rwakabuba diski.

"Leo iko na mama wa watu ndani. Usikimbize."

"Nyabo, dada yangu, mimi siku gani nakimbiza?" alisema Rwakabuba, na akamhamishia kuku kwenye kiti cha nyuma.

Jumamosi, shangwe za harusi zikiwa zimepamba moto Rubondo, Elisée aliifungua maktaba kwenye laptopu. Mama Nabintu akatokea katikati ya wanawake, tayari anacheza. Sura ilikuwa yake na rangi ilikuwa sawa, ila alikuwa mwepesi, kwani laptopu ilikuwa na nakala nyepesi tu. Upepo wa ziwani ukaanza kumsogeza. Shangazi wawili wakamshika mikono, kama mtu anavyoshika mwavuli, wakaendelea kuimba.

Wakati wa baraka ulipofika, Mariette akapiga magoti mbele yake. Mama Nabintu akakataa.

"Binti hatoke kwa mama yake akiwa mu safari. Utatoka mu nyumba yangu. Ambia bageni bangoje, turudi kwetu kwanza."

Mama wa picha alijua mambo hadi siku aliyopigwa picha, basi. Mariette angeweza kumdanganya, na hakuna ambaye angemlaumu siku ya harusi yake. Lakini alimpenda mama yake, na alitaka baraka ya kweli.

"Mama, nyumba haiko tena. Batu balikuja, bakaichoma."

"Na miye nilikuwa fasi gani?"

"Mu nyumba."

Mama Nabintu aliinua mikono yake akaiangalia. Jua lilikuwa linapita ndani yake.

"Bale batu, munabajua?"

"Tunabajua bote. Mumoja iko analima shamba letu."

"Na nani alibauliza juu ya ile moto?"

"Hakuna mutu, mama."

Shangazi walimshika Mama Nabintu vizuri zaidi, ingawa upepo ulikuwa umetulia.

"Basi nyumba ni hapa," alisema. "Letee miye maji."

Akamnyunyizia binti yake maji kichwani, akamwambia aende, azae, acheke mingi. Mariette akalia kwa furaha hadi poda yote ikamtoka, na vigelegele vikapasua anga. Miguu ikamchukua Mama Nabintu hadi alipokuwa Marthe mwenyewe, wakacheza uso kwa uso, hatua moja, mpaka betri ya laptopu ilipoisha.

Mariette hakutaka mama yake afutwe, kwa hiyo yumo bado. Goretti akifungua maktaba humkuta nyuma ya kaunta, akiwa na uzito wake wote, akiwainua wateja kidevu na kuwafunga vifungo vya shati. Kila asubuhi huuliza kama wale watu wameulizwa. Goretti hujibu kwamba bado.

Juzi aliingia mteja aliyefika karibuni kutoka kijiji kilekile. Alimtambua Mama Nabintu, akamsalimu kwa heshima, akampa habari za nyumbani: muhogo wa shamba la mama, chini ya jembe la yule aliyeichoma nyumba, mwaka huu umezaa kuliko wa watu wote.

"Udongo wa pale ni muzuri," alisema Mama Nabintu, akamgeuza mteja uso taratibu kuelekea kwenye mwanga.