Dawa Iliyokamatwa

Shuka la hospitali lilikuwa limelowa tena. Wegesa alilivuta taratibu kutoka chini ya mwanawe, akalikamua nje ya dirisha, akalitandika vivyo hivyo, maana la kubadilisha halikuwapo. Agustina alikuwa amekwisha, msichana mzima mwepesi kama kapu tupu. Chini ya kucha zake vilikuwa vimerudi vile vistari vyekundu, mithili ya vibanzi vilivyomchoma akipasua kuni.

Dawa ilikuwa imeanza kuvifuta. Hilo ndilo lililomuuma Wegesa zaidi.

Yote yalianzia kwenye jino bovu. Liling'olewa, likasahauliwa. Kisha ikaja homa isiyosikia klorokwini wala mizizi ya kuchemsha. Daktari Athanas alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, halafu akauliza kama binti aliwahi kuvimba viungo utotoni. Aliwahi.

"Basi moyo ulibaki na kovu," daktari alisema. "Vinywani mwetu sote mna vijidudu, streptokoki. Mimi na wewe havitudhuru. Kwake vilipita kwenye tundu la jino, vikaingia damuni, vikajijengea kwenye kovu lile. Penisilini inaviua, mama. Lakini ni sindano mwezi mzima, mchana na usiku, bila kuruka. Tukiishia njiani vinaota upya."

"Mchome basi, daktari."

Daktari akafungua kabati la dawa ili ajionee mwenyewe. Mlikuwa na pamba na aspirini tu.

Mpaka na nchi jirani ulikuwa umefungwa, lakini Dorka, jirani yake Wegesa kijijini Nkende, alikuwa na dada yake ng'ambo ya Sirari, na njia za kupitia kwenye mahindi alizijua tangu utoto. Alileta vichupa vya kwanza chini ya dagaa. Agustina akachomwa. Akaanza kuketi, akaomba uji wa wimbi, akamcheka mama yake kwa kitambaa chake cha kichwani kilichochakaa. Dorka akarudi kufuata dawa iliyobaki. Safari hiyo akaangukia mikononi mwa msako wa magendo.

Wegesa na daktari walivikuta vichupa mbele ya ofisi ya chama, juu ya meza ndefu, kati ya sabuni, betri na mafuta ya kupikia. Watu walipangwa mstari wapite watazame. Dorka mwenyewe alikuwa mahabusu.

"Ndugu Katibu, dawa hizi ni za mgonjwa wangu," Athanas alimwambia Heche, katibu wa chama. "Nitasaini popote utakapo."

"Daktari, wewe ni msomi. Ukichukua kizibiti, kesi itasimama na nini?"

"Kesi yenyewe lini?"

"Hakimu akipatikana."

"Huyo binti atakuwa amekufa."

Heche akamgeukia Wegesa, sauti ikalainika. "Mama, nchi iko vitani na walanguzi. Serikali haijashindwa kumtibu mwananchi wake." Akamrudia daktari. "Au wewe unasema imeshindwa?"

Athanas alifungua kinywa. Aliwatazama mgambo waliosimama mlangoni, kisha akatazama viatu vyake.

"Sijasema hivyo," alisema.

Tangu hapo sindano zilikoma, na homa ikarudi kama mwenye nyumba.

Sasa Wegesa alilitazama lile shuka bichi, akamtazama mwanawe akihema kwa mdomo. Akainama, akamfunga mgongoni kwa khanga kama alivyombeba akiwa mchanga. Muuguzi alipiga kelele. Wegesa hakugeuka. Njia nzima alisikia moyo wa Agustina ukimgonga mgongoni, haraka haraka, bila mpango.

Mbele ya ofisi aliupita mstari wa watu, akamlaza mwanawe chini, kichwa kwenye kivuli cha meza.

"Nini hiki?" Heche aliuliza.

"Magendo, tata," alijibu, akimwita baba kwa lugha ya nyumbani.

"Unasemaje?"

"Vile vichupa vya kwanza mlivikosa. Vimo mwilini mwake. Mchukueni na yeye mumweke hapo juu, mumlinde kama mnavyolinda hivyo."

Mzee mmoja mstarini akavua kofia. Agustina alifumbua macho, akatafuta kitu hewani, akayafumba tena.

"Tata, nakuomba," Wegesa alisema, na sasa alikuwa amepiga magoti. "Kimoja tu kwa leo. Achomwe mbele yako, ukitaka. Kichupa kitupu nitakurudishia."

Heche alijifuta jasho. Aliutazama umati uliomkazia macho. Alimtazama binti mara moja, akayahamisha macho upesi juu ya meza, akayaacha huko.

"Mura," alimwita mgambo. "Jua hili litaharibu dawa. Isogezeni meza barazani."

Watu wakapisha. Mgambo wakaikamata meza kila pembe, wakaiinua polepole kwa tahadhari, vichupa vikigongana kwa sauti ndogo. Kivuli kiliteleza kutoka usoni mwa Agustina kikaenda nao. Wegesa alimkinga jua kwa viganja vyake viwili. Havikutosha.